Kitambaa Alichokataa Kunirudishia

Katekista wetu alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitaeleza, kwa sababu sikuwahi kumwuliza na yeye hakuwahi kusema. Mimi ni fundi cherehani, mtu namjua kwa pale anapochanika. Wapo wanaochanika kwapani, wapo wanaochanika nyuma kwa kukaa sana, na yeye alichanika magotini. Suruali zote, mwaka hadi mwaka, mpaka nikawa namwekea viraka kabla hazijatoboka. "Tumsifu Yesu Kristo, Fundi," alikuwa akisema akiwa bado ng'ambo ya barabara, nami namjibu "Milele amina, shikamoo Katekista," huku nimeshashika mkasi, maana nilijua amekuja na goti.

Cherehani yangu iko barazani, hapa Mafiga, jirani kabisa na ukumbi wa kigango chetu cha kanisa. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi nilisikia dunia ikiumbwa, ikiharibika na kukombolewa, yote kabla ya saa sita mchana. Alikuwa akifundisha watoto wa kipaimara, na alifundisha kwa mwili mzima. Alipofika mahali ambapo Roma inaanguka, alipanda juu ya kiti cha plastiki, akanyoosha mkono kama kaisari, kisha akaanguka kweli. Roma ilituvunjia viti vitatu. Alipofika uhamisho wa Babeli aliwaamuru watoto wabebe mabenchi wakakae nje juani walie, naye akabaki ndani akiwa Yerusalemu iliyoachwa ukiwa. Siku moja alisahau kuwarudisha. Mvua ikawanyeshea utumwani mpaka mama zao wakaja kuwakomboa na miavuli.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kitambaa. Vipande saba vya marekani nyeupe, kila kimoja kirefu kuliko kitanda, ambavyo mimi nilimshonea vikawa kitu kimoja kinachozunguka ukuta wa ukumbi kuanzia mlangoni hadi mlangoni. Juu yake alichora historia ya ulimwengu kwa rangi za nyumba zilizobaki kwa watu. Ndiyo maana Bahari ya Shamu ilikuwa ya kijani cha mlango wa duka la madawa, na kaisari wa Roma alivaa krimu ile ile ya ukuta wa shule. Kilianza na Adamu, kikazunguka chumba, na kipande cha saba kiliishia na ukuta wa Ujerumani ukibomolewa, simu za mkononi, watu waliovaa barakoa, kisha nafasi tupu yenye upana wa meza. Hapo ndipo ulipokuwa mlango.

Milima yote kwenye kile kitambaa ilikuwa Uluguru. Hakuwa na mlima mwingine kichwani. Sinai ilikuwa na wingu lile lile tunaloliona asubuhi, Golgota ilikuwa na migomba chini yake, na safina ya Nuhu ilitua kwenye mteremko uliopandwa mananasi. Hilo la safina lilimletea ugomvi na Mzee wa Kinole, Mwislamu wa mlimani anayeuza mananasi na mdalasini mbele ya ukumbi, mtu mwenye kuvuta maneno kama anayapandisha kilimani. Aliingia siku moja, akatazama safina kwa muda mrefu, akatoka nje kichwa kinatikisika.

"Katekista, hapo si Ararati. Hapo ni shamba la shemeji yangu."

"Nuhu naye alihitaji mahali pa kutua."

"Sawa, atue. Lakini hakubisha hodi?"

Walibishana hivyo miaka yote, na kwa kubishana huko wakawa hawaachani. Ni Mzee wa Kinole aliyemwambia kwamba historia isiyo na Hijra ni historia yenye jino pengo. Nilidhani Katekista angekuja juu. Wapi! Alikwenda siku ile ile akachora ngamia wawili kwenye kipande cha nne, akasema, "Hiyo ni kona kubwa. Nusu ya dunia ilibadilisha sala."

Hapo alitoa siri ya kitambaa chake. Si kila tukio liliruhusiwa kupanda ukutani. Vita vyenye kuua maelfu vingeweza kuachwa nje, na mtawa mmoja wa Ujerumani mwenye nyundo na karatasi akapewa nafasi ya dirisha zima. Alikuwa na kipimo kimoja tu, na alikisema mpaka watoto wakakijua kama amri ya kumi na moja: "Dunia haikati kona pale wakubwa wanapopigana. Dunia inakata kona pale watu wanapoamka asubuhi, wanapiga magoti, na wanaona sala ya jana haitoshi."

Basi ile nafasi tupu karibu na mlango ikawa balaa. Kigango kizima kiliitamani. Kwaya iliomba kichorwe kinanda kipya. Mwenyekiti wa jumuiya alitaka barabara yetu ilipowekwa lami. Vijana walileta ombi la kimaandishi kuhusu ushindi wa timu yao, na Katekista alilisahihisha makosa akawarudishia. Mmoja wetu aliyenusurika lori la vitunguu lilipopinduka Dumila alikuja na kovu lake kama ushahidi. Nilisikia mahojiano yote kutoka kwenye cherehani.

"Kabla ya ajali ulikuwa unasalije?"

"Baba Yetu, Katekista."

"Na baada ya ajali?"

Yule bwana akafikiri kwa uaminifu. "Baba Yetu, ila sasa naisali haraka."

"Basi hujakata kona. Umeongeza mwendo."

Msidhani alikuwa mtakatifu. Aliwasimulia watoto habari za mashahidi waliotupwa kwa simba bila kupepesa macho, lakini yeye mwenyewe alimwogopa bata mzinga wa jirani yangu, akazunguka mtaa mzima ili asipite mbele yake. Alilia machozi ya kweli alipofundisha jinsi Kanisa la mashariki na la magharibi lilivyogawanyika, akasema ni aibu ndugu kutoongea, na wakati huo huo alikuwa hajaongea na mwalimu wa kwaya tangu mwavuli wake upotee kwenye mazoezi ya Pasaka. Alisema Roma iliangushwa na anasa, akisema hivyo huku anatia kijiko cha nne cha sukari kwenye chai niliyompa. Nikimwambia, alijibu, "Mimi si Roma, Fundi. Mimi ni mkoa wa mbali."

Sasa niseme ninalopaswa kusema, maana nimezunguka vya kutosha.

Mwaka mmoja masika yalipiga, bati za ukumbi zikavuja, na kitambaa kikaloa. Mishono ikaoza. Katekista akakifua mwenyewe, vipande vikaachana, akaniletea vyote saba vimekunjwa kwenye beseni. Havikuwa na namba. Nilipomwuliza alishangaa kabisa. "Historia ya wokovu uiwekee namba? Nani asiyejua kilichofuata?"

Mimi wiki ile sikujua kilichofuata chochote. Mume wangu aliugua Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Alikuwa muuza mikate, anazunguka Mafiga alfajiri kwa baiskeli yenye kengele iliyokufa, akipiga yowe badala ya kengele. Watu walikuwa bado wamekaa mkekani kwangu, wakiniambia nipumzike, na mimi nikarudi barazani kwenye cherehani kwa sababu ndiyo pekee ambayo haikunipa pole. Nilivichukua vile vipande vya Katekista nikavishona siku mbili mfululizo. Uzi mweupe uliniishia nikamalizia na wa kahawia. Aliponijia kuchukua kazi hakuongea sana. Alinishika mkono, akakibeba kitambaa begani, akaenda.

Mwaka huo Jumamosi nilikuwa nafungua redio kwa sauti ya juu. Sikutaka kusikia habari za kaburi tupu. La kwangu lilikuwa na mtu. Kanisani nilikwenda, kwa mazoea ya miguu, nikaketi benchi langu la nne, nikasimama waliposimama. Lakini kusali sikusali. Nikifungua mdomo niseme Baba Yetu, naona hakuna aliyeko upande wa pili. Kila nilipokutana na Katekista nilimwuliza kwa adabu ya kazi, "Kitambaa kinakaaje?" Naye alijibu, "Kinakaa vizuri sana, Fundi." Kisha ananipa goti nishone.

Ikafika siku ya kipaimara. Kwetu Baba Askofu hawapaki watoto mafuta kabla ya kuwauliza maswali mawili matatu mbele ya watu wote, na wazazi hutetemeka kuliko watoto. Kwa heshima ya siku ile, kitambaa kilitolewa ukumbini kikatundikwa kanisani, ukuta hadi ukuta. Baba Askofu akaanza na swali jepesi, lile la kuwatoa watoto woga.

"Haya, watoto wazuri. Wamisionari walikuja huku kwetu kutuletea nani?"

"Hawakumleta mtu, Baba Askofu!" wakajibu kwa pamoja, kwa sauti safi. "Walikuja kumtengenezea njia!"

"Kumtengenezea nani?"

"Yesu! Alikuwa bado hajazaliwa!"

Baba Askofu akatabasamu kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti chenye mguu mbovu. "Alizaliwa lini?"

"Baada ya Uhuru!"

"Kabla ya simu za mkononi," akaongeza binti mmoja wa mbele, ambaye alipenda majibu kamili.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Baba Askofu, kwa upole uleule, akauliza reli ilijengwa ya nini. Yule binti akajibu, "Mamajusi wasichoke, Baba Askofu."

Hapo ndipo nilipoinua macho nikakitazama kitambaa kwa mara ya kwanza tangu nikishone. Kipande cha tatu kilikuwa cha Yesu: hori, msalaba, kaburi tupu. Cha sita kilikuwa chetu: wamisionari, reli ya Wajerumani, vita viwili vikubwa, bendera ya Uhuru. Nilikuwa nimevibadilisha nafasi. Baada ya Babeli likaja treni. Baada ya bendera kupanda, malaika akamtokea Bikira Maria. Na katikati kabisa, mishono yangu ya uzi wa kahawia, imara kweli, mistari miwili miwili.

"Nani amewafundisha hivi?"

Katekista akasimama. Viraka vya magotini nilivijua. "Ni mimi, Baba Askofu."

"Na kitambaa hiki?"

"Ni changu."

"Sasa Katekista, kaisari huyu hapa anabatizwa kabla Kristo hajazaliwa. Amebatizwa kwa nini?"

Akafikiri. "Kwa imani kubwa, Baba Askofu."

Watu wakacheka, na katika kucheka huko angeweza kugeuka. Benchi la nne halikuwa mbali. Hakugeuka. Na mimi, niliyekuwa na mdomo na miguu, nilikaa.

Kipaimara kikaahirishwa wiki mbili, Paroko akawafundisha watoto upya kwa kitabu. Katekista akavuliwa darasa. Alipewa funguo za kanisa na kengele, kazi ambayo aliifanya kwa hasira takatifu, akipiga kengele muda mrefu mpaka bata mzinga wa jirani akahama mwenyewe. Kwa miaka mitatu Jumamosi zetu zikawa kimya. Aliendelea kuniletea suruali. Mimi niliendelea kuzishona. Nilishona viraka vya kitambaa kizuri kuliko suruali zenyewe, nikijidanganya kwamba huko nako ni kuungama.

Mwaka huu, karibu na mwanzo wa mvua, suruali ziliacha kuja. Wiki ya kwanza nikasema amesafiri. Wiki ya pili nikachukua wembe wa kufumulia, uzi mweupe na sindano, nikaenda kwake.

Nilimkuta kitandani, amepungua mpaka nikamchukua vipimo kwa macho bila kutaka. Mzee wa Kinole alikuwa ameketi kwenye ndoo, anamenya nanasi. Na kitambaa kilikuwa kimetundikwa kuzunguka chumba kizima, kikipita juu ya dirisha na nyuma ya kabati, kwa mpangilio uleule wa aibu yangu.

"Shikamoo Katekista. Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, Fundi. Umekuja na wembe. Unataka kuninyoa au kunifumua?"

"Katekista," nikasema, "kile kitambaa nilikosea mimi. Ni mimi niliyevibadilisha vipande."

Mzee wa Kinole akamtazama mwenzake, akacheka mpaka nanasi likamponyoka. "Miaka minne! Nilikwambia atasema, hukuamini. Siku ile ile unakitundika nilipita dirishani nikakwambia, Katekista, Nabii Isa umemchelewesha."

"Mlijua?" nikasema. "Nyote wawili?"

"Mwislamu alijua kabla yangu," Katekista akasema. "Inaniuma mpaka leo."

"Sasa kwa nini hukunirudishia? Ningefumua kwa saa moja!"

Akasema kwa sauti ya kawaida, si ile ya darasani, "Ulikuwa umemzika mumeo Ijumaa, ukanipa kazi Jumanne. Mtu wa msiba anarudishiwaje kazi? Nikasema nitasubiri utulie. Kila Jumamosi nasema wiki ijayo. Na wewe kila ukiniona unauliza kinakaaje, nami naona hayo ndiyo maneno pekee uliyobaki nayo. Basi nikawafundisha kilivyokaa. Ilikuwa kazi, Fundi! Kuwaeleza watoto wale mitume walikuwa wapi wakati wa vita ya pili ya dunia."

"Ulinyang'anywa darasa."

"Nilinyang'anywa."

"Na mimi nilikaa benchi la nne."

"Nilikuona. Ndiyo maana sikugeuka. Ningegeuka ungesimama."

Nililia pale, sitaficha, na Mzee wa Kinole akanipa kipande cha nanasi kwa sababu hakuwa na kitu kingine mkononi. Nilipotulia nikasema Jumapili nitasimama wakati wa matangazo niwaambie watu wote.

"Utawaambia nini? Kwamba ulimchelewesha Masiya?"

"Ndiyo."

"Haya, sema. Lakini kabla hujafumua, jibu swali langu." Nikalijua swali kabla hajalisema. "Kabla mumeo hajafa ulikuwa unasalije?"

"Kama watu wote."

"Na baada yake?"

"Sikusali, Katekista. Mpaka leo, sijasali."

Nilitegemea atanihubiria. Badala yake akanyoosha mkono, akaomba mkaa uliokuwa karibu na jiko, na akatuamuru tumnyanyue. Tulimshika huku na huku, Mkristo asiyesali na Mwislamu mwenye mikono ya nanasi, tukamfikisha kwenye kipande cha saba, pale karibu na mlango, kwenye ile nafasi ambayo kwaya, lami na lori la Dumila vilinyimwa. Akachora duara. Akachora duara la pili. Yakatoka moja kubwa na jingine dogo, na katikati akaweka mstari.

"Miwani," akasema Mzee wa Kinole.

"Baiskeli!" Katekista akafoka. "Huoni usukani?"

Jumapili nilisimama. Nilisema yote, nikataja na uzi wa kahawia. Watu walicheka mpaka Paroko akashika altare, kisha wakaacha kucheka kwa zamu, mmoja mmoja, wakikumbuka nani alikaa kimya kwa ajili ya nani. Mwalimu wa kwaya alikwenda moja kwa moja kwa mgonjwa, akiwa na mwavuli ule. Na Paroko akamrudishia darasa, Jumamosi zilizobaki, watoto wakikaa sakafuni kuzunguka kitanda.

Nilikuwa nimeshafumua na kushona upya, Yesu wa tatu, Uhuru wa sita. Katekista hakupendezwa. Alinilalamikia kwamba historia iliyonyooka haina maswali, watoto wanasinzia kuanzia Musa. Jumamosi moja, ambayo sasa naijua kuwa ndiyo ya mwisho, nilikuwa nimesimama mlangoni na suruali yake iliyokuwa bado nzima magotini. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha kidole pale mwisho kabisa, baada ya barakoa.

"Katekista, na hii miwani ni ya nani?"

Yeye akafumba macho. "Hapo sijui mimi. Mwulizeni Fundi, ndiye aliyekuwepo."

Wote wakanigeukia. Nikaiweka suruali chini, nikapiga magoti ili niwe sawa nao, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa na kitabu cha misa.

"Ni baiskeli," nikasema. "Ilikuwa ya mume wangu. Njooni karibu niwaambie."